Miti Isiyofanana na Mama Yake

Kanoni, Ijumaa jioni

Mwanangu Kokugonza,

Nakuandikia kwa sababu juzi, tukiwa mezani, uliniuliza swali linalojibika kwa neno moja, nami nikakujibu kwa hotuba. Ulisema, "Baba, ile misindano ya juu mtaikata au hamtaikata?" Nikaanza kukueleza taratibu za kikundi, kanuni za uboreshaji wa misitu na umuhimu wa kuheshimu uamuzi wa wengi. Ulinisikiliza mpaka ndizi zikapoa kwenye sahani yako, kisha ukasema, "Asante, Baba," kwa sauti ile unayowawekea wageni, ukaondoka. Kesho alfajiri wewe na mama yako mtapanda basi pale Kayanga kuelekea shule ya bweni, na nisingependa swali hilo lisafiri nawe njia nzima bila jibu lake.

Mambo ya sabuni, ya kufuli la sanduku na ya kutokopeshana nguo nayapita. Mama yako ameyasema, Bibi ameyarudia, na shangazi yako ameyapigia simu kutoka Ihanda. Mimi nitakuandikia juu ya miti, kwa kuwa ndiyo niliyoisomea, na kwa kuwa sehemu kubwa ya makosa yangu ya ubaba niliyafanya nikiwa nayo karibu.

Hali yenyewe unaifahamu, ila naomba niiweke wazi. Kikundi chetu cha kupanda miti kina misindano kwenye ile rweya, uwanda wa nyasi usiokubali migomba, nje ya vibanja vyetu vya nyumbani. Chini na katikati ya mteremko imesimama miti iliyonyooka, ya kimo kimoja, ambayo kila mgeni huipiga picha. Juu, penye mawe, ipo ile unayoiita yako: mifupi, yenye majani ambayo hayakulegea kama ya aina moja wala hayakukakamaa kama ya aina nyingine, na magome ambayo hata mimi niliyesoma siwezi kuyataja kwa jina. Wanakikundi wameazimia kuikata mwezi huu, ili mvua za Machi zikianza papandwe miche mipya ya kununua. Wewe unaomba iachwe mpaka koni zake za kwanza zikomae, tuzifungue, tuone kama mna mbegu hai ndani. Ikikatwa sasa, hatutajua kamwe.

Nianzie mbali kidogo. Siku niliporudi kutoka chuo kikuu nilivaa suti kwenye jua kali la Februari, nikashuka barabarani na kupita katikati ya migomba nikiwa na sanduku la vitabu begani, nikitumaini kila jirani ananiona. Ulikuwa na umri wa miaka saba. Nilikuwa nimekuacha na miaka mitatu tu, na likizo zangu nyingi nilizitumia kwenye mashamba ya mafunzo ya mikoa ya kusini. Ulijificha nyuma ya Bibi.

"Msalimie baba yako," Bibi akakuambia.

Ukanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Shikamoo. Lakini huyu si Baba. Baba ni yule wa kwenye picha."

Bibi alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti. "Basi picha imeshuka ukutani, Koku. Imesikia njaa, imekuja kula."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa mapokezi ya msomi, nikakuta natambulishwa kwa binti yangu mwenyewe. Nawe unastahili kujua jambo ambalo sijamwambia mtu. Nikiwa mwaka wa pili tulifundishwa kwamba katika misindano zile chembechembe za kijani zinazopika chakula kwa mwanga wa jua, yaani kloroplasti, hutoka kwa baba. Husafiri ndani ya chavua kwa upepo, kilima hadi kilima, na baba haondoki aliposimama. Za mama ni mitokondria, zinazokaa na mbegu na kuipa nguvu ya kufanya kazi. Wenzangu waliandika na kugeuza ukurasa. Mimi nilibaki hapo. Nilijiambia kwamba baba aweza kuwa mbali na bado mtoto akawa wa kijani kwa ajili yake. Nilijifariji kwa sentensi hiyo hadi nilipohitimu, nikaitumia kama cheti cha ruhusa. Elimu ilikuwa sahihi, matumizi yangu ndiyo yaliyopotoka. Msindano hauna miguu. Mimi nilikuwa nayo, na basi la Karagwe lilikuwa likiondoka kila siku.

Ili unizoee, nilianza kukupeleka kwenye kilima cha kanisa. Unakumbuka ile misindano mikubwa iliyopandwa na wazee kabla sijazaliwa? Ni vitalu viwili vya aina mbili, bega kwa bega. Aina moja asili yake ni milima ya baridi, na majani yake huning'inia kama nywele zilizoloa. Nyingine ilitoka nchi tambarare za joto, na majani yake yamesimama wima. Huko zilikotoka zisingekutana. Wazee wetu walizipokea kama mtu anavyopokea mbegu ya maharage kutoka kwa shemeji, wakazipanda palipokuwa na nafasi, wala hakuna aliyewaza kwamba siku moja zingejuana.

Tulifika hapo wakati wa chavua. Upepo ulipovuma, wingu la manjano lilitoka matawini, likatua kwenye madimbwi, kwenye bati la kanisa na kwenye sare yako ya shule. Ukaniuliza, "Baba, nani kamwaga unga?" Ilikuwa mara ya kwanza kuniita Baba bila kusukumwa na Bibi. Nikakueleza uchavushaji kwa dakika nyingi mno. Sasa hivi, nikikumbuka, najua kwamba nilipaswa kunyamaza na kukupangusa mabega.

Kwenye mpaka wa vitalu vile viwili tuliokota koni, tukazianika uani zikafunguka zenyewe, nasi tukazikung'uta mbegu kwenye ungo wa Bibi. Nilianzisha kitalu cha miche kando ya kibanja. Nilichekecha udongo wa msituni nikauchanganya na mchanga, nawe ulijaza viriba, ile mifuko ya plastiki ya miche, ukivigonga chini mara mbili kila kimoja ili udongo ushuke. Jioni mikono yako ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko, na ulikataa kunawa mpaka mama yako aione. Nadhani hiyo ndiyo miezi niliyofurahi kuliko yote maishani, na sikujua kwamba nimefurahi, kwa maana nilikuwa nikisubiri kuajiriwa.

Miche ilipofikia kimo cha kiganja, mingine ilianza kuwa ya ajabu. Haikufanana na aina ya kwanza wala ya pili. Mmoja ulikuwa na majani marefu lakini magumu. Mwingine ulikua kwa haraka, ukasimama, ukakua tena. Bibi alipita na kikapu cha maganda, akainama.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya miti ileile ya kanisani, Mama."

"Kamdanganye mwalimu wako. Mimi nimezalisha migomba tangu sijaolewa. Chipukizi la mgomba wa enchoncho huwa enchoncho. Ukiona limeota lingine, ujue jirani kapita usiku na jembe." Kisha akang'oa mche mmoja, akautupa kwenye maganda yake. "Ng'oa, mwanangu. Kitu kisichofanana na mama yake ni cha kuja kuharibu shamba."

Nikang'oa. Koku, nilikuwa na shahada, na nilikuwa nimefaulu vizuri somo la jenetiki, na bado nikang'oa. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu. Sisi ni watu wa mgomba. Mgomba hauna baba: unatoa chipukizi ubavuni, na chipukizi ni mama yuleyule akianza upya. Vizazi na vizazi vya watu wetu vimekula, vimejenga na vimeoa kwa mmea ambao mtoto wake hana haki ya kutofautiana. Kibanja kizuri ni kile ambacho bibi wa bibi yako angekitambua. Nilipofika kwenye mmea wenye baba, na baba mwenyewe akiwa wa aina nyingine, mkono wangu ulijua jambo moja tu la kufanya, na vitabu havikuuwahi. Ulikuwa umechuchumaa pembeni yangu.

"Umekosa nini huu?"

"Haufanani."

"Haufanani na nani?"

Nilikutuma maji.

Isingebaki hata mmoja kama si uvivu wangu na majivuno yangu. Siku ya kupanda, miche mizuri haikutosha kujaza kileleni, na wageni kutoka wilayani walikuwa wametangaza kuja kukagua. Nikachukua ile ya ajabu ambayo sikuwa nimeimaliza kuing'oa, nikajazia mapengo kule juu penye mawe, nikihesabu kwamba hakuna mgeni mwenye viatu vyeusi atakayepanda hadi huko. Nami sikukosea: hawakupanda. Walisimama chini, wakaisifu mistari, nikapigwa picha.

Mwaka uliofuata mvua zilichelewa. Kule juu, ile michache mizuri niliyoichanganya kati ya mawe ilikauka yote. Ilipasuka magome, ikageuka rangi ya kutu. Ile ya kujazia mapengo ilibaki. Haikupendeza, lakini ilibaki, na mwaka uliofuata ikatoa matawi mapya. Wewe ndiwe uliyekuwa ukipanda kwenda kuitazama kila Jumapili baada ya ibada, ukirudi na utomvu kwenye gauni na mama yako akinigombeza mimi.

Sasa niruhusu nikueleze lile ambalo juzi nililizika chini ya hotuba. Kuna milima mirefu huko Asia ambako wataalamu wamekuta msindano wa aina yake yenyewe, unaoishi juu sana, penye baridi na ukavu. Walipouchunguza waligundua kwamba haukushuka kutoka kwa mzazi mmoja, kama tulivyozoea kudhani kwamba spishi huzaliwa. Ulianza kwa aina mbili za misindano zilizokutana zamani za kale, chavua ya moja ikatua kwenye koni za nyingine. Wameweza hata kusoma, kwa zile chembe nilizokutajia, ni upande upi ulikuwa baba na upi ulikuwa mama, na kwamba katika baadhi ya milima mambo yalikuwa kinyume. Wazazi wote wawili wako hai hadi leo, kila mmoja kwenye nchi yake ya chini. Wala mmoja hawezi kuishi alipo mtoto.

Jambo hili haliko hivyo kwa kila chotara, na wanakikundi wetu hawakusema upuuzi waliposema wanachokijua. Wanajua mahindi. Mbegu chotara ya mahindi inakupa mavuno msimu mmoja. Ukiirudia, watoto wanatawanyika, huyu mrefu, huyu mfupi, na gunia halijai. Wanajua pia habari ya nyumbu, mtoto wa punda na farasi, kwamba hana mtoto. Lakini misindano ina bahati ambayo punda na farasi hawana: karibu yote hubeba idadi moja ya kromosomu, kwa hiyo chotara wake mara nyingi anaweza kuzaa. Watoto wake nao watatawanyika kama mahindi. Wengi watakuwa dhaifu, wengine watachavushwa upya na mmoja wa wazazi na kumezwa na ukoo wake. Mpaka itokee kwamba mbegu chache zimeangukia mahali ambapo wazazi hawawezi kufika, penye mawe, au baridi, au kiu. Hapo hakuna wa kuwashinda wala wa kuwarudisha nyuma. Wanachavushana wenyewe kwa wenyewe, kizazi baada ya kizazi, mahali penyewe pakichagua nani abaki, hadi siku ambayo mtu hawezi tena kuwaita nusu ya kitu kingine. Ni kazi ya muda mrefu kuliko falme zote zilizowahi kukaa Bweranyange.

Sikuambii kwamba ile yetu ni spishi mpya. Ni mitoto ya mkutano mmoja tu, na hata uchotara wake sijaupima maabara; nauona kwa macho. Lakini hakuna spishi ya namna hiyo ambayo haikuanza na miti michache isiyovutia, juu ya mawe, ikiwa na koni ambazo hakuna aliyejua ndani mna nini.

Haya yote niliyajua siku ya mkutano wa Desemba. Ulikuwepo, umekaa na mama yako kwenye mkeka. Mzee Byabato, mwenyekiti wetu, alipoitaja miti ya juu, mtu mmoja akasema, "Ile ya mtaalamu? Ile haijui kama ni mti au ni ufagio!" Watu wakacheka. Mwingine akasema chotara haizai, mkiiacha mtapanda njaa. Ukageuka ukanitazama. Nilikuwa naijua kila sentensi ya kujibu. Lakini wiki hiyohiyo nilikuwa nimepeleka maombi ya kazi, na nilikuwa nimeandika kwamba shamba letu ni la mfano, lenye miti ya kimo kimoja. Nikacheka na wenzangu. Kicheko changu ulikisikia, najua, maana tangu siku hiyo umekuwa ukiniita Baba kwa ile sauti ya wageni.

Leo mchana nilikwenda kwa Mzee Byabato. Nilimkuta barazani na kamati yote, wametoka kuchambua kahawa. Alinisogezea kikapu cha kahawa ya kutafuna kabla sijaketi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mtaalamu. Leo umekuja na Kiswahili cha chuo au cha nyumbani?"

"Cha nyumbani, waitu," nikamjibu kwa neno letu la heshima.

"Basi kaa. Kile cha chuo kinanipa usingizi."

Nikawaambia kwa ufupi, huenda kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikasema miti ya juu imesimama mahali ambapo mizuri ilikufa, na kwamba ina koni, na kwamba naomba isiguswe mpaka koni zikomae.

"Na pale juu tupande nini Machi?" akauliza mama mhazini. "Tuliahidi watu kupanda."

"Na mbao je?" mwingine akadakia. "Tulitegemea kukata huko juu tupate za kuezekea kitalu. Ufagio au si ufagio, una nguzo."

Nikatafuna kahawa yangu mpaka ikaisha ladha. Kisha nikasema, "Kateni mstari wangu wa chini."

Unaujua mstari huo. Ni ule ulio kando ya njia, fungu langu mwenyewe, ulionyooka kama kamba, ambao niliuandika kwenye maombi yangu ya kazi na ambao wakaguzi wangekuja kuutazama.

"Ule wa picha?" Mzee Byabato akauliza taratibu. "Kijana, ule ndiyo shahada yako iliyosimama."

"Una nguzo bora kuliko za juu. Na nafasi yake ina udongo mzuri kwa miche ya Machi."

"Wakija wale wakubwa utawaonyesha nini?"

"Nitawapandisha juu."

"Na viatu vyao vile!" Akacheka, wengine wakacheka, nami safari hii nilicheka kwa haki. Kisha akawatazama wenzake mmoja mmoja, na kila mmoja akaitikia kwa kichwa. "Haya. Ya juu haiguswi mpaka koni zikomae. Zikiwa tupu, utapanda juu na panga pamoja nasi."

"Nitapanda na panga pamoja nanyi."

Kwa hiyo jibu la swali lako, mwanangu, ni: hatutaikata. Kazi ile huenda nisiipate, nami sitaki uibebe hiyo kama mzigo wako. Niliamua mwenyewe, na nilirudi nyumbani nikitembea mwepesi kwa namna ambayo sikuizoea.

Sina ushauri mwingi. Huko uendako utakutana na watu wanaojua mengi, na utatamani wakutambue. Mimi nilitamani hivyo, nikapata picha nyingi. Utakapojua jambo la kweli na chumba kizima kikacheka, si lazima uhutubie. Ila usicheke nao. Na ukikosea, kama mimi nilivyokosea, usisubiri hadi usiku wa kuamkia safari ya mtu.

Nimechungulia chumbani kwako sasa hivi. Mama yako amepanga kila kitu, na wewe umelala na miguu nje ya blanketi, kama ulivyolala siku zile za viriba. Nimekufunika. Hukuamka.

Zile koni ulizoziona mwaka jana zikiwa ndogo kama ncha ya kidole zimefikia ukubwa wa yai, bado za kijani na zimefunga kabisa. Kwa makadirio yangu zitakuwa tayari shule zitakapofungwa Juni. Huenda tukakuta mbegu. Huenda tukakuta maganda matupu, na tutashuka wote wawili kumwambia Mzee Byabato. Sitafungua hata moja kabla hujafika. Jumamosi ya kwanza ya likizo, saa tatu asubuhi, juu penye mawe. Nitakuwa nimefika kabla yako.

Ni mimi,
Baba yako